Burudani na Ghera katika Uwanja Mmoja

Hapana mchezo uliokusanya watu wengi ukaepukana na mgogoro wa wachezaji wa aina mbili: yule anayeujia baada ya kazi ili aburudishe moyo wake kwa saa moja au mbili, kisha aende zake akalale, na yule aliyeufanya kuwa nusu ya maisha yake, akaukesha, akajua siri zake za ndani, na sasa anataka cheo kinacholingana na jasho alilolitoa. Wa kwanza huona udhia kushindwa kila siku na mtu asiyekuwa na shughuli nyingine. Wa pili huona uchungu kupewa tuzo sawa na mtu aliyefika jana. Kila mmoja ana haki yake, na kila mmoja akipewa haki yake yote, mwenzake hufukuzwa uwanjani. Jambo hili limewataabisha kwa miaka zaidi ya 40 waundaji wa michezo ya kuigiza ya mtandaoni, ile ambayo maelfu ya watu huingia katika ulimwengu mmoja wa kubuni, kila mmoja akavaa nafsi ya askari, mganga au mpiga mishale, akapanda madaraja kwa kuua madubwana na kutimiza safari za hatari. Walakini halikuzaliwa na kompyuta. Katika nchi ya Wasukuma, tangu Shinyanga mpaka Geita, lilikuwako katika uwanja wa ngoma kabla ya kompyuta kuwako, na jibu lililopatikana huko linastahili kuwekwa kando ya majibu ya waundaji wa Marekani, Uingereza na Japani, ili yote yapimwe kwa mizani moja.

Aghalabu hudhaniwa kuwa kinachowatenga wachezaji hawa wawili ni ustadi. Dhana hiyo ina kasoro. Bingwa wa bao aliyekaa mwaka mzima bila kugusa kete, akirudi barazani hurudi na ubingwa wake, kwa sababu nguvu ya bao imo katika akili ya mchezaji, na akili haipungui kwa mwenzake kukesha. Mchezo wa kuigiza wa mtandaoni huweka sehemu kubwa ya nguvu katika vitu vinavyolimbikizwa kwa saa: panga, deraya, kipando, daraja la mhusika, na kuaminiwa na kundi. Mtu mwenye akili kali na mkono mwepesi, ikiwa hana saa, hupigwa na mtu wa kadiri aliyekuwa nazo. Saa ndizo mtaji wa mchezo huu, na mtaji huo haukugawiwa sawasawa. Mwajiriwa wa mgodi mkubwa wa Geita afanyaye kazi kwa zamu, mchimbaji mdogo wa Nyarugusu asiyejua duara, yaani shimo la dhahabu, litamwachilia wakati gani, mama lishe wa Kahama anayewasha moto kabla ya alfajiri, na mwanafunzi aliye likizoni kwa babake mjini Shinyanga, wote hao wakiingia katika ulimwengu mmoja wa kubuni, mwanafunzi ndiye atakayekuwa sultani wao baada ya mwezi, hata kama yeye ndiye mdogo wao kwa akili na kwa umri.

Tena mtu hakai upande mmoja maisha yake yote. Mwanafunzi huyo atamaliza masomo, atapata kazi, ataoa, na siku moja atajikuta hana zaidi ya nusu saa baada ya chakula cha usiku. Basi mwenye mchezo anayempuuza mchezaji wa burudani hampuuzi mgeni peke yake. Anampuuza mkereketwa wake mwenyewe baada ya miaka mitano. Na anayempuuza mchezaji wa ghera anaondoa watu wanaowafundisha wageni, wanaopanga vikundi, wanaohifadhi historia ya ulimwengu ule na kuupa sababu ya kusimuliwa. Wawili hao wanategemeana, lakini mara nyingi hawajui, na mwenye mchezo naye hajui, mpaka mmoja wao aondoke.

Chimbuko la michezo hii ni Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, ambako mwaka 1978 Roy Trubshaw alianza, na Richard Bartle akaendeleza, ulimwengu wa maneno matupu usio na picha, ulioitwa MUD. Baadaye, mwaka 1996, Bartle aliandika makala iliyosomwa sana na waundaji, akiwagawa wachezaji katika mafungu manne: wanaotafuta mafanikio, wanaopenda kuchunguza, wanaokuja kuzungumza na watu, na wanaopata raha kwa kuwaua wenzao. Thamani ya makala hiyo haimo katika hesabu ya mafungu, maana mtu mwingine angeweza kutaja matatu au saba. Imo katika hoja kwamba idadi ya kila fungu hutegemea idadi ya mengine. Wauaji wakizidi, wazungumzaji hukimbia. Na wazungumzaji wakikimbia, wauaji hukosa wa kumtisha. Mchezo ni umma wa watu, na umma hauwezi kutawaliwa kwa kulipendeza fungu moja peke yake.

Ukweli wa hoja hiyo ulidhihirika upesi. Ultima Online, mchezo uliotoka mwaka 1997, uliruhusu mtu yeyote kumuua na kumnyang'anya mwingine nje ya ulinzi wa miji. Wakereketwa wakawa majambazi, na watu wa burudani, waliokuwa wakivua samaki, wakikata mbao na kushona nguo za kubuni, wakawa mawindo. Mwaka 2000 wenye mchezo waliugawa ulimwengu ule kuwa nakala mbili, Felucca iliyobaki na sheria za kale, na Trammel ambako hapana ruhusa ya kumpiga mtu asiyeridhia. Halaiki ikahamia upande wa amani, na wale waliokuwa majabari wa upande wa pili wakaona nchi yao imekuwa tupu. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza ya kutajwa katika swali letu, dawa ya kutenganisha, nayo ina tabia moja: huponya maumivu ya wengi kwa kukata kiungo. Amani hupatikana, lakini ule mchanganyiko wa watu uliokuwa sababu ya mchezo kupendwa hupungua.

EverQuest wa mwaka 1999 ulikwenda njia nyingine, ukamwegemea mwenye ghera bila haya. Aliyekufa alipoteza sehemu ya maarifa, yaani alama za kupandia daraja, aliyokusanya, na alilazimika kuirudia maiti yake mwenyewe ili achukue mali yake. Vita vikubwa vilitaka makundi ya watu wengi na saa nyingi mfululizo. Waliovumilia walipata udugu ambao wengine wao wanausimulia hata leo, kwa kuwa shida ya pamoja hufunga watu. Waliokuwa na watoto wa kulaza walijitoa mmoja mmoja.

World of Warcraft, uliotoka Novemba 2004, ulikuja kujaribu kuwaweka wawili hawa chini ya paa moja, nao ndio unaofaa kuchunguzwa kwa kituo, kwa sababu karibu kila dawa imejaribiwa ndani yake. Ya kwanza ilikuwa malipo ya mapumziko. Inasimuliwa na waundaji wenyewe kwamba wakati wa majaribio, kabla ya mchezo kuuzwa, waliweka sharti kwamba anayecheza muda mrefu aanze kupata maarifa nusu ya kawaida. Wachezaji wakalalamika kwamba wanaadhibiwa kwa kuupenda mchezo. Waundaji hawakuifuta hesabu ile. Waligeuza majina yake. Kile kilichokuwa nusu kikaitwa kawaida, na kile kilichokuwa kawaida kikaitwa zawadi ya mtu aliyepumzika, ambaye mhusika wake amelazwa katika nyumba ya wageni. Malalamiko yakanyamaa. Hapo tunaona kwamba uchungu wa mkereketwa haukuwa katika kiasi cha mali, ulikuwa katika heshima: hakuona taabu kwa mwenzake kupata mara mbili, mradi yeye asihesabiwe kuwa mkosaji.

Dawa hiyo ilifaa katika kupanda madaraja. Haikufaa katika kilele. Juu kabisa palikuwa na mapango ya watu 40, na lile la Naxxramas, lililofunguliwa mwaka 2006, liliingiwa na sehemu ndogo mno ya wachezaji. Kazi ya mafundi wengi, michoro, muziki na visa, ilionwa na wachache, ilhali ada ya mwezi ililipwa na wote. Mwaka 2008 pango lile lilijengwa upya kwa makundi ya watu 10 au 25, na hatimaye, mwishoni mwa mwaka 2011, ikaja njia ya kumchukua mtu yeyote aliye peke yake na kumchanganya na wageni 24 katika pango lililopunguzwa ukali. Wenye burudani wakauona mwisho wa kisa. Lakini waliouona waliuona pamoja na watu wasiosalimiana, wasiojuana majina, na ambao hawatakutana tena. Na wenye ghera wakasema kwamba kilichokuwa hekalu kimegeuzwa njia ya kupita. Waundaji wakazidi kuongeza ngazi, hata kufikia mwaka 2014 dubwana moja likawa linapigwa kwa ukali wa namna nne, kila namna na watu wake. Hiyo nayo, ukiitazama vema, ni dawa ya kutenganisha iliyovikwa joho jingine: kila mtu yuko katika jengo moja, lakini hakuna anayepanda ghorofa ya mwenzake. Mwaka 2019 kampuni ile ile iliufungua tena mchezo katika hali yake ya kale, pamoja na taabu zake zote, na watu wengi wakarudi kuzinunua taabu walizokuwa wakizilalamikia, ishara kwamba kurahisisha peke yake hakukuwa jawabu.

Ziko dawa zinazotoka nje ya mchezo. Serikali ya China mwaka 2021 iliamuru kwamba mtoto asiyetimiza miaka 18 acheze saa moja tu, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 3, katika siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Amri hiyo huwasawazisha watoto kwa nguvu, na huenda ikawa na manufaa kwa macho na vitabu vyao; lakini yeye aliyesawazishwa kwa amri hajafundishwa kumjali mwenzake, amefungiwa mlango.

Sasa tuugeukie uwanja wa Wasukuma. Hekaya zao zinataja mabingwa wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, wacheza ngoma na waganga, walioshindana kwa ufundi na kwa dawa, na kwao zikatoka jamaa mbili kubwa za wachezaji, Bagika na Bagalu. Vyama vingi vya ngoma katika Usukuma vimo katika mojawapo ya jamaa hizo: wenye ngoma ya majembe iitwayo bugobogobo, wenye kucheza na nyoka, wenye asili ya uwindaji wa nungunungu. Anayeingia chamani hufundishwa, hupewa dawa, hushika miiko, na hujua mambo ambayo mtazamaji hayajui. Hao ndio wenye ghera, na ghera yao haikupungukiwa na chochote ukiilinganisha na ile ya wakesha mtandaoni: mtunzi hutunga nyimbo kwa muda mrefu, kiongozi huficha hila yake mpya hata kwa ndugu, na chama hujifunza hatua zake mpaka miguu ya wengi iwe mguu mmoja.

Mashindano hufanyika baada ya mavuno, aghalabu kati ya Juni na Agosti. Bagika husimama upande mmoja wa uwanja, Bagalu upande wa pili, na ngoma zote mbili hulia kwa wakati mmoja. Hapana jopo la waamuzi lenye karatasi, hapana alama za mguu wala za sauti. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Watazamaji wako huru kuhama. Huweza kukimbilia huku na huko mara nyingi katika alasiri moja, na kiongozi anapoona migongo ya watu hutoa alichokificha: sanamu ya mti yenye viungo vinavyocheza, chatu aliyezungushwa mwilini, fisi aliyefugwa, wimbo wa dhihaka uliotungwa kwa ajili ya mpinzani wake. Hukumu hutoka miguuni mwa watu waliokuja kuburudika: mkulima, mchungaji, mke wa mkulima na mtoto wake mgongoni, mpita njia mwenye baiskeli. Mtu aliyekuja kwa dakika 10 ana kura sawa na aliyeshinda kutwa.

Hapa pana hekima tatu ambazo zafaa kutenganishwa. Ya kwanza ni msimu. Kwa kuwa ngoma ya mashindano huja wakati shamba limepumzika, wote huwa na wasaa kwa wakati mmoja, na mtu hakosi uwanja kwa sababu ya kuwa mchapakazi. Ulimwengu wa mtandaoni, ambao haufungwi usiku wala mchana, wala masika wala kiangazi, humtajirisha asiye na shughuli. Baadhi ya waundaji wamelitambua jambo hili kwa njia yao wenyewe: Path of Exile, mchezo uliotoka mwaka 2013, huanzisha mara kwa mara duru mpya ambayo ndani yake kila mtu huanza bila kitu, na Diablo III ulifuata mwendo huo wa misimu kuanzia mwaka 2014. Waliochelewa hupata mwanzo mwingine, na waliotangulia hawanyang'anywi sifa ya duru iliyopita.

Ya pili ni ndoa ya mazoezi na kazi. Vikundi vya vijana, basumba, chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, vililima mashamba ya watu kwa mlio wa ngoma, jembe likipanda na kushuka kwa wimbo. Na jembe hilo hilo ndilo linalorushwa na kudakwa katika bugobogobo. Mchezaji hakulazimika kuiba saa za shamba ili apate saa za ngoma, kwa sababu shamba lenyewe lilimfundisha mwendo. Mtazamaji naye alilijua jembe, na kwa hiyo alikuwa na ujuzi wa kumhukumu bingwa, akifahamu uzito wa kitu anachokiona kikiruka hewani.

Ya tatu, nayo ndiyo kubwa, ni kwamba bingwa hawezi kushinda bila mtu wa burudani. Katika mapango ya World of Warcraft mkereketwa humhesabu mgeni kuwa mzigo; katika uwanja wa Bagika na Bagalu mgeni ndiye ushindi wenyewe. Umahiri hauna kikomo, siri za chama haziguswi, vyeo vya ndani hubaki kwa waliovistahili. Lakini mwisho wa yote umahiri huo hauna pa kuhesabiwa isipokuwa katika macho ya watu wasiokuwa mahiri. Dawa ya kutenganisha huwaweka wawili hawa mbalimbali, na dawa ya kurahisisha humshusha mmoja ili mwenzake amfikie. Kanuni ya uwanja huu humwacha kila mmoja alipo, kisha humfanya mkubwa kuwa mhitaji wa mdogo.

Mchezo wa mtandaoni uliokaribia zaidi kanuni hiyo, kwa kadiri ya maarifa yangu, ni Final Fantasy XIV wa Japani, ulioanguka ulipotoka mara ya kwanza mwaka 2010 na kujengwa upya mwaka 2013 chini ya uongozi wa Naoki Yoshida. Mkongwe wa mchezo huo hupewa malipo ya kila siku akikubali kupelekwa kwa bahati nasibu katika pango la zamani pamoja na wageni. Nguvu zake hupunguzwa zilingane na za pango lile, ili asimalize kazi peke yake huku wengine wakimtazama. Na ikiwa miongoni mwa kundi yumo mtu anayeingia pale kwa mara ya kwanza, wote huongezewa malipo. Kwa hiyo habari ya kwamba kundi lina mwanagenzi hupokewa kwa furaha, ilhali kwingineko ingepokewa kwa kununa. Tabia njema imewekewa faida, na watu wakaizoea hata ikafanana na maumbile yao.

Old School RuneScape umeshika ncha nyingine ya kanuni ile ile, yaani hukumu ya halaiki. Tangu ulipofunguliwa mwaka 2013, mabadiliko makubwa hupigiwa kura na wachezaji, na kwa miaka mingi jambo halikupita bila asilimia 75 ya kura. Kura hiyo si ya wakereketwa peke yao, na mkereketwa anayetaka pango jipya hana budi kumshawishi mvua samaki.

Yapasa sasa tuseme juu ya fedha, kwa maana hapana mahali panapofaa zaidi kusemea jambo hilo kuliko ukanda huu wa dhahabu wa Geita na Kahama. Mahali penye mtaji wa saa hapakosi mfanyabiashara wa kuuza saa. Katika michezo hii imezuka kazi ya kuchimba dhahabu ya kubuni: vijana wa China katika miaka ya 2000, na wa Venezuela uchumi wa nchi yao ulipoanguka, walikaa kutwa wakiua madubwana yale yale, wakakusanya sarafu zisizoshikika, wakaziuza kwa wachezaji wa nchi tajiri waliokuwa na mshahara lakini hawana wakati. Anayelijua duara la Nyarugusu au mwalo wa kuoshea dhahabu wa Rwamgasa hatashangaa kusikia kwamba katika biashara hiyo mwenye jasho jingi hakuwa mwenye faida nyingi. Mtu wa burudani aliyenunua dhahabu ile alidhani amejikomboa. Kumbe alipandisha bei za soko lote, na mwenzake asiyekuwa na fedha wala wakati akazidi kuachwa nyuma. RuneScape wenyewe, uliotangulia Old School, uliwahi kuifuta biashara hiyo kwa nguvu: mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 ulizuia watu kupeana mali isiyolingana thamani na ukaondoa mapigano huru ya nyikani. Wauzaji walipata hasara, lakini rafiki naye alishindwa kumpa rafiki zawadi, na mwaka 2011, baada ya kura ya wachezaji zaidi ya milioni moja, uhuru ule ulirudishwa. Mbaya kuliko yote ni pale mwenye mchezo mwenyewe anapokaa dukani akauza nguvu, maana hapo ghera na burudani zote mbili huhukumiwa na mkoba.

Fedha huleta mgogoro huo hata katika mpira wa miguu. Stand United, klabu iliyoanzia stendi ya mabasi mjini Shinyanga, mikononi mwa watu waliocheza kwa kupenda, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014. Ufadhili wa kampuni ya uchimbaji ya Acacia ulipokuja, lilikuja pamoja nao swali la nani mwenye timu, wanachama walioianzisha au kampuni iliyoundwa kuiendesha kwa taratibu za ligi kubwa. Mwaka 2016 pande hizo mbili zilifarakana, mfadhili akajitoa, na mwaka 2019 timu ikashuka daraja. Sisemi kwamba ushindani wa juu ni dhambi. Geita Gold, timu ya ukanda huo huo, ilipanda mwaka 2021, na katika msimu wake wa kwanza mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Nasema kwamba mchezo unapopanda cheo, ni lazima iandikwe mapema wale walioulea kwa burudani watabaki na neno gani.

Pana pingamizi la haki dhidi ya kanuni ninayoisifu. Yaweza kusemwa kwamba halaiki hupenda kioja kuliko ufundi, na kwamba chatu mmoja mkubwa huweza kumshinda mtunzi wa nyimbo 20 nzuri. Kwamba kura ya wengi huwadhulumu wachache wenye maarifa. Na kwamba ushindani wa kuvuta watu umezaa, katika Usukuma kwenyewe, husuda na tuhuma za uchawi. Yote hayo nayakubali kwa sehemu yake. Lakini kioja hushinda alasiri moja, na kesho yake mpinzani naye huja na kioja chake. Kinachobaki baada ya vioja kusawazika ni wimbo unaokumbukwa na mguu usiokosea. Kuhusu wachache wenye maarifa, uwanja ule haukuwanyima makao: chama kina ngazi zake za ndani, na humo bingwa huheshimiwa na bingwa bila kumsubiri mpita njia. Kosa la waundaji wengi ni kutaka ngazi moja itumike kwa heshima zote mbili, hata mwenye burudani akaipanda akichoka na mwenye ghera akaiona imejaa.

Liko jambo moja zaidi linalofanya swali hili liwe la leo katika nchi ya Wasukuma. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kazi mwaka 2000, na wa Bulyanhulu katika wilaya ya Kahama mwaka 2001. Migodi hiyo haijui mavuno, huzunguka usiku na mchana kwa zamu. Kijana aliyekuwa na msimu mmoja na jirani zake sasa ana zamu yake peke yake, na simu yake mkononi humpa uwanja ulio wazi saa atakayotoka. Mashindano ya ngoma yaitwayo Bulabo huchezwa bado kila mwaka mwezi Juni huko Bujora, karibu na Mwanza, ambako Padri David Clement wa Kanada aliyaunganisha na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Lakini aliye zamuni siku hiyo hatafika. Kwa hiyo mchezo wa simu si upuuzi wa kudharauliwa na wazee: ndio uwanja uliobaki kwa mtu ambaye saa zake haziendani tena na za jamaa zake, na sheria za uwanja huo zimeandikwa na watu wasiomjua.

Hukumu yangu, baada ya kuyapima yote, ni hii. Kutenganisha hutuliza lakini huua mchanganyiko. Kurahisisha huwafikisha wengi mahali ambapo hapana tena wa kuwasalimu. Kuuza nguvu ni kuuza mchezo wenyewe. Kinachofaa ni msimu unaowapa wote mwanzo mmoja, ngazi za ndani ambazo mwenye ghera atazipanda bila kuoneana kijicho na mtu, na sheria inayofanya ushindi wa mkubwa utoke katika ridhaa ya mdogo. Nawasihi vijana wa Tanzania wanaojifunza katika vyuo vyetu kuandika programu, na ambao kesho wataunda michezo kwa Kiswahili, wasianzie kwa kuiga maduka ya silaha ya michezo ya kigeni. Waende kwanza Usukuma baada ya mavuno, wasimame kati ya Bagika na Bagalu, watazame ni kwa sababu gani watu wanahama, kisha warudi kuandika.